Magari ya michezo ya zamani Uingereza: Burudani ya Jumapili, biashara ya wiki nzima

Asubuhi ya Jumapili ya kiangazi, kwenye barabara nyembamba za vijijini Uingereza, si ajabu kukutana na msururu wa magari madogo ya viti viwili, mapaa ya turubai yamekunjwa, yakipita moja baada ya jingine. Wenyewe hawaendi kazini wala sokoni. Wanayatembeza magari yao, watakunywa chai mahali, watafungua boneti na kuzungumza, kisha jioni watarudi nyumbani.

Kwa mtu wa nje huu ni mchezo wa watu wenye nafasi. Kwa mfanyabiashara na msafirishaji kuna jambo zaidi. Nyuma ya kila gari linalofika kwenye mkusanyiko yupo fundi, muuza vipuri, mwenye trela, wakala wa forodha, kampuni ya bima na dalali. Na tangu Uingereza ilipokamilisha kujitoa katika Umoja wa Ulaya, tarehe 1 Januari 2021, mchezo huu unavuka mpaka wa forodha kila gari, kipuri au mnunuzi anapotoka Ufaransa, Ujerumani au Uholanzi.

Makala hii inaeleza jinsi matembezi na mikusanyiko hiyo inavyokwenda, sheria zinazoigusa, na mahali ambapo mtu anaweza kupata faida au kupoteza fedha kwa kutokujua.

Ni magari gani hayo?

Tunazungumzia magari ya majina kama MG, Triumph, Austin-Healey, Jaguar, Lotus na Morgan. Mengi yalitengenezwa kati ya miaka ya 1940 na 1970, wakati Uingereza iliyotoka vitani ilihitaji sana fedha za kigeni na viwanda vyake vikahimizwa kuuza nje. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya magari hayo ilipelekwa Marekani, na ndiyo sababu leo mengine yanarudishwa Uingereza ndani ya kontena.

Linalopatikana kwa urahisi kuliko mengi ni MGB. Lilitengenezwa Abingdon, karibu na Oxford, kuanzia 1962 hadi 1980, na idadi yake ilipita 500,000. Kiwanda kilifungwa mwaka 1980, lakini gari halikufa. Mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage ilianza kutengeneza upya bodi nzima ya MGB. Mwenye gari lililoliwa na kutu anaweza kununua bodi mpya na kuhamishia injini na vifaa vyake.

Juu zaidi kwa bei kuna Jaguar E-Type, lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza Geneva mwaka 1961. Morgan, iliyoanza mwaka 1909, bado inatengeneza magari kwa mkono katika mji wa Malvern. Na chini kidogo kwa bei kuna Mazda MX-5, gari la Kijapani lililotoka mwaka 1989 kwa kufuata mtindo wa Waingereza hao. Yale ya kwanza tayari yamepita miaka 30, na umri huo una maana kubwa forodhani, kama tutakavyoona.

Jumapili moja inavyokwenda

Matembezi mengi hupangwa na vyama vya wamiliki. MG Car Club ilianzishwa mwaka 1930, na chama cha magari ya kale zaidi, Vintage Sports-Car Club, mwaka 1934. Kila chama kina matawi mikoani, na kila tawi lina ratiba yake ya mwaka.

Siku yenyewe huanzia kwenye mgahawa au uwanja wa baa ya kijijini, mnamo saa 3 au saa 4 asubuhi. Kila gari hupewa kijitabu cha njia chenye michoro ya makutano: hapa pinda kushoto, hapa nyoosha, hapa angalia kanisa. Dereva anaendesha, abiria anasoma. Wakipotea, nusu ya furaha iko hapo hapo. Njia huchaguliwa makusudi ili ipite mbali na barabara kuu, kwa sababu gari la mwaka 1960 lenye nguvu kidogo hufurahiwa kwenye kona na milima midogo.

Hakuna kushindana. Mbio kwenye barabara za umma ni kosa la jinai, na shindano la muda barabarani linahitaji kibali. Kwa hiyo matembezi ya kawaida hayana saa wala mshindi. Anayetaka kasi huenda kwenye uwanja maalumu. Mfano ni kilima cha Shelsley Walsh huko Worcestershire, ambako tangu 1905 magari hupanda moja moja umbali wa yadi 1,000, yaani mita 914, yakishindana na saa. Mwingine ni Prescott huko Gloucestershire, eneo lililonunuliwa na chama cha wamiliki wa Bugatti mwaka 1937.

Mchana magari huegeshwa kwenye uwanja wa nyasi, na hapo ndipo kazi ya kweli inapofanyika. Mmoja anasikiliza kabureta la mwenzake. Mwingine anauliza ulipata wapi taa zile. Wa tatu anasema anafikiria kuuza, maana magoti hayamruhusu tena kuingia kwenye gari la chini hivyo. Magari mengi huuzwa kwa maneno ya namna hii kabla hayajafika kwenye mnada wala tangazo. Waswahili tunasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko hili gari zuri ndilo linalotembezwa, na lile lililofungiwa bandani miaka kumi ndilo linalotiliwa shaka. Mpira wa mabomba hukauka, breki hushika kutu, petroli huharibika kwenye tangi. Mnunuzi mzoefu hupenda kuliona gari likifika kwenye mkusanyiko kwa magurudumu yake.

Kalenda ya mwaka

Mwaka unaanza mapema. Tarehe 1 Januari wenye magari hukusanyika Brooklands, Surrey, kwenye mabaki ya uwanja uliofunguliwa mwaka 1907, wa kwanza duniani kujengwa mahususi kwa mbio za magari. Mwezi wa Aprili kuna Drive It Day, siku ambayo shirikisho la vyama vya magari ya kihistoria, FBHVC, huwahimiza wamiliki wote nchini watoe magari barabarani. Siku hiyo hukumbuka safari ya majaribio ya maili 1,000 iliyoanza London tarehe 23 Aprili 1900.

Mei hadi Agosti ni msimu wenyewe, na hakuna wiki inayopita bila mkusanyiko mahali fulani. Septemba kuna Goodwood Revival, iliyoanza mwaka 1998 kwenye uwanja uliotumika kwa mbio kati ya 1948 na 1966. Huko hata watazamaji huvaa nguo za miaka hiyo. Jumapili ya kwanza ya Novemba magari yaliyotengenezwa kabla ya 1905 hutoka London alfajiri kwenda Brighton, kiasi cha maili 60. Hayo ni ya kale kuliko magari ya michezo tunayoyazungumzia, lakini barabara yote hujaa watazamaji. Mwezi huo huo hufanyika maonyesho makubwa ya ndani huko NEC, Birmingham, ambako vyama, wauza vipuri na minada hukutana chini ya paa moja.

Gulio la vipuri Beaulieu

Kwa mfanyabiashara, mkusanyiko wa kuangalia kuliko yote ni ule wa Beaulieu, Hampshire, kwenye viwanja vya Jumba la Taifa la Makumbusho ya Magari. Tangu 1967 hufanyika hapo kila Septemba gulio la kimataifa la vipuri vya magari ya kale. Aliyewahi kutembea Gikomba au Kariakoo ataelewa hali yake: meza na turubai chini, mirundo ya taa, kabureta, rimu, saa za dashibodi, vitabu vya fundi, mabango ya zamani ya mafuta. Bei haijaandikwa, au imeandikwa ili ipunguzwe.

Wauzaji na wanunuzi huja na magari ya mizigo kutoka bara la Ulaya. Kabla ya 2021 Mfaransa alinunua giaboksi, akaitia nyuma ya gari na kuondoka. Sasa akirudi kwao amevuka mpaka wa forodha. Msafiri anayeingia Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kubeba vitu vya matumizi yake vya thamani ya hadi euro 430 akija kwa ndege au meli, na euro 300 akija kwa njia nyingine. Kikizidi hapo, kitangazwe na kilipiwe. Na mwenye kubeba kwa ajili ya kuuza hana msamaha huo wa msafiri. Bidhaa yake ni ya biashara hata kama ni kipuri kimoja mfukoni.

Ndiyo maana muuzaji anayejua kazi yake siku hizi hatoi kipuri bila risiti yenye jina la kitu, bei na tarehe. Risiti hiyo ndogo imekuwa sehemu ya bidhaa yenyewe.

Miaka 40 barabarani, miaka 30 forodhani

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa sababu kuna hesabu mbili za umri na hazilingani.

Hesabu ya kwanza ni ya barabarani. Gari lililotimiza miaka 40 tangu kutengenezwa linaweza kuandikishwa na idara ya usajili, DVLA, katika daraja la magari ya kihistoria. Likiingia humo halilipi kodi ya mwaka ya barabara, ingawa mwenyewe lazima aombe kila mwaka na kupata sifuri yake kwa maandishi. Tangu 20 Mei 2018 magari ya umri huo hayalazimiki pia kupita ukaguzi wa kila mwaka uitwao MOT, mradi hayajafanyiwa mabadiliko makubwa katika miaka 30 iliyopita. Kusamehewa ukaguzi hakumaanishi kusamehewa ubovu. Mwenye gari bovu barabarani atashitakiwa kama mwingine yeyote. Daraja hilo pia humwondolea mwenye gari ada ya hewa chafu ya London, ULEZ.

Hesabu ya pili ni ya forodhani, nayo ni miaka 30. Gari linaloingizwa Uingereza linaweza kukubaliwa kama kitu cha thamani ya kihistoria chini ya namba 9705 ya orodha ya ushuru likiwa na umri usiopungua miaka 30, liko katika hali yake ya asili bila mabadiliko makubwa ya chesisi, bodi, usukani, breki au injini, na aina yake haitengenezwi tena. Likikubaliwa, ushuru wa forodha ni sifuri na VAT ni asilimia 5. Lisipokubaliwa, na kama hakuna nafuu ya mkataba wa biashara, ushuru ni asilimia 10 na VAT asilimia 20.

Tuchukue gari ambalo thamani yake pamoja na usafiri ni paundi 20,000. Kama gari la kawaida, ushuru ni paundi 2,000. VAT hupigwa juu ya jumla ya paundi 22,000, yaani paundi 4,400. Jumla ya malipo ni paundi 6,400. Gari hilo hilo likiingia kwa namba 9705, malipo ni paundi 1,000 tu. Tofauti ni paundi 5,400, na kwa dalali mdogo hiyo ndiyo faida yote ya biashara.

Mtu aliyebadilisha injini ya asili kwa injini kubwa, akaweka usukani na breki za kisasa, anaweza kuwa na gari la kupendeza zaidi kuendesha, lakini amejiweka katika hatari ya kupoteza paundi hizo 5,400. Asiye na uhakika anaweza kuomba uamuzi wa mapema wa namba ya ushuru kutoka mamlaka ya mapato, HMRC, kabla gari halijapanda meli. Na gari likishafika kwa ajili ya kubaki, HMRC lazima ijulishwe ndani ya siku 14 kupitia mfumo wa NOVA. Bila hivyo DVLA haitalisajili.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika soko la magari ya kale msemo huu ni sheria. Magari mawili ya aina moja, rangi moja, mwaka mmoja, huweza kutofautiana sana kwa bei kwa sababu ya faili tu. Faili zuri lina kadi za usajili za zamani, risiti za gereji, vyeti vya MOT vinavyoonyesha maili mwaka hadi mwaka, na picha za matengenezo.

Kwa magari ya MG, Triumph, Austin-Healey na ndugu zao, Jumba la Makumbusho ya Magari la Gaydon hutoa kwa malipo cheti kinachotokana na madaftari ya kiwanda. Huonyesha tarehe gari lilipotengenezwa, namba ya injini ya asili, rangi yake na mara nyingi mahali lilikopelekwa. Cheti hiki humsaidia mnunuzi, na pia huthibitisha umri mbele ya DVLA na forodha.

Mafuta nayo yana maarifa yake. Petroli yenye risasi iliondolewa katika mauzo ya kawaida Uingereza mwaka 2000, hivyo injini nyingi za kale zilibadilishwa viti vya valvu au hutiwa dawa maalumu kwenye tangi. Septemba 2021 petroli ya kawaida ikawa E10, yenye hadi asilimia 10 ya ethanoli, ambayo hula mabomba ya mpira na sehemu za kabureta za zamani. Wenye magari ya kale hutafuta petroli ya daraja la juu ya E5. Msafirishaji anayekabidhiwa gari la mtu asijaze tangi bila kuuliza.

Kwa wasafirishaji

Magari mengine hayaendeshwi hadi kwenye mkusanyiko, hubebwa. Tangu 16 Desemba 2021 mwenye leseni ya kawaida ya gari Uingereza anaruhusiwa kuvuta trela la hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada. Mwendo wa gari lenye trela usizidi maili 60 kwa saa kwenye barabara kuu za mwendo kasi, wala 50 kwenye barabara za njia moja kila upande.

Anayebeba kwa malipo kuvuka kwenda Umoja wa Ulaya ana sharti jingine. Tangu 21 Mei 2022 gari la mizigo linalozidi tani 2.5, uzito wa trela ukihesabiwa, linahitaji leseni ya kimataifa ya usafirishaji. Trela la biashara linalozidi kilo 750 nalo lazima liwe limesajiliwa kabla ya kwenda nchi nyingi za Ulaya.

Ipo pia tofauti kati ya gari na shehena. Mwenye gari lililosajiliwa, anayeliendesha mwenyewe kwenda kutazama Le Mans Classic huko Ufaransa, ni mtalii. Abebe kadi ya gari, bima, na alama ya UK iliyochukua nafasi ya GB tangu 28 Septemba 2021. Lakini gari la mashindano lisilo na namba za barabarani, lililo juu ya trela pamoja na injini ya akiba na matairi, huhesabiwa kuwa bidhaa machoni pa forodha. Karatasi inayotumika mara nyingi hapo ni ATA Carnet, yenye orodha ya kila kitu. Kinachoandikwa wakati wa kutoka ndicho kinachohesabiwa wakati wa kurudi.

Kwetu Afrika Mashariki

Mchezo huu unatugusa kwa njia mbili. Ya kwanza ni mbio za East African Safari Classic, zilizoanza mwaka 2003 kuenzi Safari Rally ya tangu 1953. Washiriki kutoka Uingereza na kwingineko huleta Mombasa magari ya kale kama Ford Escort na Porsche 911. Kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingiza moja kwa moja gari lililozidi miaka 8, hivyo magari ya namna hii huja kwa muda na lazima yatoke tena. Wakala anayepokea kazi hiyo ahakikishe namba ya chesisi na ya injini kwenye hati zinalingana na chuma chenyewe, kwa sababu wakati wa kutoka ndizo zitakazotazamwa.

Ya pili ni magari yaliyobaki huku. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha upande wa kushoto kama Uingereza, kwa hiyo gari la Kiingereza lililouzwa huku zamani lina usukani wa kulia. Yale yanayorudi kutoka Marekani mengi yana usukani wa kushoto, na Mwingereza huyalipia pungufu au hugharamia kuyageuza.

Kwa hiyo mwenye gari la namna hiyo gerejini asikimbilie kulitia injini ya Toyota ili litembee. Atafute kwanza namba ya chesisi, kadi ya gari, au logibuku kama wasemavyo Wakenya, na risiti zozote za zamani. Aagize cheti cha kiwanda. Apige picha kutu ilivyo, bila kuficha. Akilisafirisha, apate cheti cha kufutwa usajili nchini mwake na hati ya shehena yenye maelezo kamili. Ahesabu miaka 30 kwa ajili ya forodha na miaka 40 kwa ajili ya barabara, na asizichanganye.

Mnunuzi wa Uingereza halipi bei kubwa ili gari likae kwenye banda. Anataka kulitoa Jumapili asubuhi, afuate kijitabu cha njia hadi kwenye baa ya kijijini, afungue boneti, na wenzake watakapomuuliza limetoka wapi, awe na karatasi ya kuwaonyesha. Muuzaji anayeweza kumpa vyote viwili, gari linalotembea na karatasi zinazosema kweli, ndiye atakayelipwa.